Zanzibar iwe na watafiti wake wa kudumu wa mgawanyo wa mali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, limekosa mwenyewe kwa muda mrefu. Kila yanapotangazwa matokeo ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, Zanzibar huzungumza juu ya umasikini kwa wiki mbili tatu, kisha mazungumzo hupoa mpaka utafiti mwengine. Tumeelezwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwamba waliokuwa chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.9 mwaka 2009/10, wakashuka hadi asilimia 30.4 mwaka 2014/15 na asilimia 25.7 mwaka 2019/20. Tunajua pia kwamba Pemba imebaki nyuma ya Unguja katika hesabu hizo. Sina ugomvi na takwimu hizi. Nimewahi kuwa miongoni mwa wadadisi waliopita nyumba kwa nyumba kuzikusanya, na naijua kazi iliyomo. Ninachosema ni kwamba zinapima kile ambacho kaya inakula na kutumia, hazipimi kile ambacho watu wanamiliki. Na ni nadra sana katika visiwa vyetu kumkuta msomi aliyeajiriwa, anayelipwa na aliyeachiwa miaka ya kutosha kuchunguza nani anamiliki nini, alikipataje, na baada yake kitakwenda kwa nani.

Tofauti baina ya matumizi na mali si ya vitabuni. Mwalimu wa skuli anayeishi kwa mshahara na mkulima wa Mtambile aliyerithi shamba la mikarafuu wanaweza kuonekana sawasawa katika daftari la matumizi: mchele ule ule, dagaa wale wale, vocha ile ile ya simu. Mtoto akipata nafasi ya chuo, au mgonjwa akihitaji kupelekwa Dar es Salaam, ndipo inapobainika kwamba mmoja ana kitu cha kuuza au cha kuweka rehani na mwengine hana. Kipimo cha Gini, yaani nambari inayoonesha ukubwa wa tofauti baina ya watu, kinachotajwa katika ripoti zetu nacho hukokotolewa kwa matumizi, na katika nchi zilizopima vyote viwili, mali imeonekana kugawanyika kwa tofauti kubwa zaidi kuliko matumizi. Wapo watakaosema kwamba utafiti wa hali ya afya na uzazi una faharasa yake ya utajiri. Ni kweli, lakini faharasa ile huhesabu vitu kama televisheni, baiskeli, paa la bati na chanzo cha maji, ikazipanga kaya katika makundi matano. Haituelezi thamani ya shamba, wala ndani ya nyumba nani hasa ndiye mwenye mali.

Nitoe mfano mmoja kutoka katika kazi ile ya udadisi. Katika shehia moja, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, ya Wilaya ya Wete nilimuuliza mzee mmoja, aliyetukaribisha barazani kwake kwa heshima zote, ana mikarafuu mingapi. Akanijibu kwa swali: "Yangu mimi, au yetu?" Dodoso lilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kujaza nambari. Mzee yule alikuwa na mikarafuu aliyoipanda mwenyewe katika ardhi ya mjomba wake. Alikuwa na fungu lake katika shamba la marehemu baba yake, ambalo halijagawiwa mpaka leo na warithi wake sasa wamefika wajukuu, wengine wako Unguja na wengine Muscat. Alikuwa akiiangalia mikarafuu ya dada yake mjane kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Na katika ile iliyokuwa yake hasa, baadhi yake alikwisha kuuza mavuno yangali mtini kwa mfanyabiashara aliyemkopesha fedha za harusi ya mwanawe. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Mwishowe akanitajia nambari, nikaiandika katika kisanduku, nikaenda kaya ya pili. Nambari ile imo katika hesabu za taifa, lakini yote aliyonieleza mzee yule, ambayo ndiyo habari yenyewe ya mali, hayamo popote.

Kwetu, mwenye mti anaweza kuwa mbali na mwenye ardhi. Kwetu, mirathi ina mafungu yanayojulikana: mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, akiwepo mtoto, na mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la kaka yake. Lakini baina ya fungu la sheria na fungu lililofika mkononi hupita miaka mingi, na kila mkaazi wa Pemba amewahi kusikia habari ya dada ambao fungu lao limebaki katika shamba linaloangaliwa na kaka zao, wakiletewa kidogo msimu wa karafuu na mwaka mwengine wasiletewe. Ipo dhahabu ya mwanamke, ambayo ni akiba yake halisi na ambayo hatamtajia mdadisi mgeni mbele ya mume wake. Ipo nyumba inayojengwa tofali kwa tofali kwa miaka kumi, haijaezekwa, haina mpangaji, na ndiyo mali kubwa kuliko zote alizonazo mwenyewe. Mtafiti anayekuja kwa miezi mitatu na dodoso lililotungwa kwengine hawezi kuyaona haya, hata awe hodari namna gani wa hesabu. Yanamhitaji mtu anayejua faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi ya Kiislamu, anayejua historia ya ardhi yetu, anayekubalika barazani, na ambaye mwakani atarudi katika shehia ile ile kuuliza kilichobadilika.

Upande wa juu wa ngazi nao una matatizo yake, na pengine ni makubwa zaidi. Tafiti za kaya, duniani kote, huwakosa matajiri: ni wachache, kwa hiyo ni shida kuangukia katika sampuli, na wakiangukia huwa hawapatikani au hutaja chini ya walichonacho. Tazama pwani ya Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mzanzibari ana haki ya kuitumia, kuirithisha na kuihamisha, na mgeni hukodishwa na Serikali. Katika kipindi cha watu wa rika langu, viwanja vya mawe ambavyo babu zetu waliviona havifai hata kwa muhogo vimekuwa na thamani kubwa kuliko mashamba ya karafuu. Nani aliviachia mapema kwa bei ya chini, nani alikuwa na habari na fedha za kuvikusanya, na leo faida ya hoteli iliyosimama pale inaingia kwa nani? Yapo maneno mengi vijiweni juu ya jambo hili, na mengine ni makali. Uchunguzi wa kitaalamu, unaofuata mikataba, usajili wa ardhi na hesabu za makampuni kwa miaka mingi mfululizo, ndio unaokosekana.

Si kwamba swali hili halijawahi kuulizwa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ilimwita Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town kuongoza uchunguzi wa hali ya jamii ya Zanzibar, na miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni nani ana mikarafuu na ana mingapi. Wanahistoria wanaoandika juu ya miaka ya kabla ya Mapinduzi bado wanategemea hesabu zile. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na katika miaka iliyofuata zaidi ya familia 20,000 zikapewa eka tatu tatu. Huo ulikuwa ugawaji wa mali mkubwa kuliko wowote katika historia yetu, na kwa mtafiti wa mgawanyo wa mali ni nadra mno duniani kupata mahali ambapo mali ilipangwa upya kwa mafungu yanayolingana, kisha akaweza kufuatilia nini kilitokea. Leo eka zile ziko mikononi mwa kizazi cha pili na cha tatu. Zipo zilizogawanywa mpaka zikawa vipande vya kujengea banda, zipo zilizouzwa kimya kimya, zipo zilizomezwa na mji. Je, usawa ule ulidumu miaka mingapi, na ulivunjwa na nini: mirathi, madeni, ndoa, au kuhamia mjini? Hili ni swali la kumtosha msomi mmoja maisha yake yote ya kazi, na majibu yake yangesomwa mbali sana na Zanzibar.

Nimesema maisha yote ya kazi kwa makusudi, kwa sababu ndivyo elimu hii ilivyojengwa kwengine. Mwanauchumi Simon Kuznets alichapisha mwaka 1953 hesabu za fungu la kipato lililokwenda kwa watu wa kipato cha juu Marekani, akitumia kumbukumbu za kodi zilizoanza mwaka 1913. Ilikuwa kazi ya miaka ya kukaa na majedwali. Anthony Atkinson wa Uingereza aliingia katika swali hili katika miaka ya 1960 akiwa kijana, akalifanyia kazi mpaka alipofariki Januari 2017, na sehemu kubwa ya kazi yake juu ya mali ilitoka katika kumbukumbu za mali zilizoachwa na marehemu. Ufaransa, sheria zilizotokana na mapinduzi yao zililazimisha mali za marehemu ziandikishwe, na karne mbili baadaye Thomas Piketty, Gilles Postel-Vinay na Jean-Laurent Rosenthal wakaingia katika hifadhi ya nyaraka Paris, wakafungua madaftari yale kuanzia mwaka 1807 na kuonesha jinsi utajiri ulivyojikusanya mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Branko Milanović aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya tofauti za kipato nchini Yugoslavia, akaikamilisha Belgrade mwaka 1987, katika nchi ya kijamaa ambayo haikupenda sana kuulizwa swali hilo; kisha akakaa takriban miaka ishirini katika idara ya utafiti ya Benki ya Dunia. Wote hawa walikuwa na mambo mawili ambayo vijana wetu hawana: ajira iliyowaruhusu kubaki na swali moja kwa muda mrefu, na madaftari waliyoruhusiwa kuyafungua.

Matunda yake ndiyo takwimu tunazozisikia leo. Ripoti ya Dunia ya mwaka 2022 juu ya tofauti za kipato na mali, iliyotolewa na maabara ya watafiti iliyoko Paris, inasema asilimia 10 ya watu wazima wenye mali zaidi duniani wanamiliki asilimia 76 ya utajiri wote, na nusu ya chini inamiliki asilimia 2. Lakini kwa nchi nyingi za Afrika, hesabu za mali zilizomo humo zimejengwa kwa makadirio yanayotokana na nchi nyengine, kwa kuwa vyanzo vya ndani ni haba. Nchi isiyokuwa na watafiti wake hukadiriwa na wengine, kisha huletewa makadirio hayo kama habari zake.

Na sasa nije kwa kijana wetu. Tuchukue msichana wa Wete aliyemaliza skuli kwa alama nzuri za hisabati, akasoma uchumi na takwimu, akapata daraja la kwanza. Nimewafundisha wa namna hii, na mmoja alinijia na mpango uliofikiriwa vyema wa kuchunguza mirathi ya mashamba ya karafuu katika shehia chache za kaskazini mwa Pemba. Leo anafanya kazi katika mradi mmoja, anahesabu waliohudhuria mafunzo ya ujasiriamali. Ana mshahara mzuri na simlaumu hata kidogo. Njia aliyokuwa aifuate ilikuwa hivi: aanze kama mkufunzi msaidizi chuoni, atafute shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu inayokula miaka minne mpaka sita, huku nyuma afundishe madarasa yaliyojaa, asahihishe mitihani mamia, na apande ngazi kutoka mhadhiri msaidizi kwenda mhadhiri na mhadhiri mwandamizi kwa makala zinazochapishwa katika majarida ambayo humweka mtu zaidi ya mwaka akisubiri majibu ya wapitiaji. Wakati huo huo kazi za ushauri elekezi zinamgongea mlango, na zinalipa haraka. Lakini katika kazi za ushauri anayelipa ndiye anayechagua swali, muda ni wiki chache, takwimu ni mali ya mteja, na ripoti hufungiwa kabatini. Mhadhiri akizizoea kwa miaka mitano huwa amechoka, ana nyumba, na hana makala hata moja inayobeba jina lake juu ya swali alilolipenda.

Mafunzo yenyewe yapo na si lazima yatafutwe Ulaya. Muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao yake Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1988, una programu ya pamoja ya shahada ya uzamivu ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinashiriki. Afrika Kusini, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye tofauti kubwa zaidi za kipato duniani, imejenga vituo imara vya kuchunguza jambo hili Cape Town na Johannesburg. Kijana wetu anaweza kwenda huko akarudi hodari. Tatizo liko pale anaporudi, akakuta hakuna meza yake, hakuna fungu la utafiti lenye jina lake, na hakuna aliyemtangulia wa kumwelekeza.

Naijua khofu iliyopo, na haistahiki kudharauliwa. Zanzibar ina kumbukumbu nzito juu ya nani alikuwa na nini. Wapo wazee waliopoteza mali na wapo waliopata, na wote tunaswali nao msikiti mmoja. Mtu anaweza kusema kwamba kuchunguza mali za watu ni kuchokonoa fitna na kuleta husuda. Jibu langu ni kwamba fitna inaishi vizuri zaidi pasipokuwa na hesabu. Watu hawakuacha kulizungumza suala la ardhi kwa sababu halichunguzwi. Wanalizungumza kwa kukisia, na makisio huelekezwa kwa jamaa fulani, kwa asili fulani, kwa kisiwa fulani. Mtafiti haandiki majina. Kumbukumbu hupewa nambari badala ya jina, husomwa ndani ya ofisi inayozihifadhi na hazitoki nje, na kinachochapishwa ni mafungu na mwelekeo wake. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu tayari inabanwa na sheria kutunza siri za wanaohojiwa, na sharti hilo hilo linaweza kumbana mtafiti kwa kiapo.

Madaftari tunayo. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulikia mirathi, wakfu na zaka, yaani mambo matatu ambayo hayawezi kutendeka bila mtu kukaa chini na kuhesabu mali. Mahkama za Kadhi zina mafaili ya mirathi yenye mgogoro. Hifadhi ya nyaraka pale Kilimani ina kumbukumbu za mashamba na rehani za tangu enzi za Masultani na Waingereza. Usajili wa ardhi unaendelea. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo kumbukumbu zake zitahitaji makubaliano na upande wa pili. Kwa muda mrefu kumbukumbu hizi zimetazamwa kama karatasi za kumalizia shauri, na nyengine zinaliwa na mchwa na unyevu wa bahari kabla hazijanakiliwa.

Ninachopendekeza si taasisi mpya yenye jengo na magari. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipewe nafasi chache, hata tatu au nne, za watafiti wa mgawanyo wa mali, zenye fungu la miaka kumi ndani ya bajeti ya Serikali, na angalau mbili kati ya hizo ziwe katika kampasi ya Mchangamdogo, kwa kuwa shamba la utafiti liko huku Pemba. Mzigo wao wa kufundisha upunguzwe kwa maandishi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iwatangulize wanaosomea uzamivu katika uwanja huu, na wanawake wapewe kipaumbele, maana sehemu kubwa ya mali isiyoonekana ni ya wanawake na haitasimuliwa mbele ya mwanamme mgeni. Matokeo yachapishwe pia kwa Kiswahili, sheha ayasome, kadhi ayasome, na mzee wa barazani aweze kusema kama tumemwelewa au tumemkosea. Na katika utafiti wa kaya unaofuata, kisanduku kile kimoja kigeuzwe ukurasa: miti uliyoipanda, miti ya fungu lako katika mirathi isiyogawiwa, miti ya mwengine unayoiangalia, na mavuno yaliyokwisha kuuzwa yangali mtini.

Wawakilishi wetu wana kikao cha bajeti cha kuyauliza haya, na nawaomba wa majimbo ya Pemba watangulie. Nawe, Ndugu Mhariri, nakuomba gazeti lako liwafikie wahusika wa chuo, wa Kamisheni na wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu, liwaulize kila mmoja ni kumbukumbu gani anazo, ziko katika hali gani, na ni kwa masharti yepi yuko tayari kumruhusu mtafiti Mzanzibari azifungue, kisha lichapishe majibu yao.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba